Kukodi gari Muscat na kuendesha mwenyewe mpaka Nizwa, Jebel Akhdar na Sur: uzoefu wangu

Wakuu habari zenu. Kuna watu wengi wa huku kwetu wanaenda Oman kusalimia ndugu au kutembea na kila mtu anauliza suala la gari, sasa mimi nimekodi nimeendesha nimerudisha, naandika yote hapa. Jibu langu la kwanza, kodi gari. Muscat umejipanga kwa urefu kati ya milima na bahari, kutoka Seeb mpaka Muttrah ni makumi ya kilomita, mambo ya kusimama kituoni ukapunga mkono daladala ikasimama hayapo, mabasi yapo ila hayafiki kila sehemu na teksi ukizipanda kutwa hela inayeyuka tu. Alafu utamu wenyewe wa Oman uko nje ya Muscat, na huko bila gari utaishia kuhadithiwa na shangazi.

Shida haiko barabarani, na hili nalisisitiza. Barabara zao ni lami safi, pana, vibao vimeandikwa Kiarabu na Kiingereza. Shida iko kwenye karatasi.

Tuanze na leseni. Kabla ya kuondoka Dar nilichukua leseni ya kimataifa pale AA Tanzania, unaenda na leseni yako ya kawaida na picha, na huko unatembea nazo zote mbili maana ile ya kimataifa peke yake haina maana. Kampuni moja ya uwanja wa ndege niliyoanza nayo leseni walikubali fresh ila kwenye dipoziti tukakwama, wao wanataka kadi ya krediti yenye jina la dereva, kadi ya debiti hawaitaki hata iwe na hela kiasi gani ndani. Sasa Watanzania wangapi tunatembea na kadi ya krediti? Na kwenye oda niliyofanya mtandaoni hicho kitu kimeandikwa chini kabisa kwa maandishi ya kuumiza macho. Kama huna hiyo kadi waandikie kabla hujapanda ndege, wakujibu kwa maandishi.

Nikaenda kwenye kampuni ndogo ya wenyeji upande wa Al Khuwair, hapo wanapokea dipoziti kesh. Gari dogo otomatiki, Yaris, rial 12 kwa siku, na rial moja ni kama dola 2.6 kwahiyo pigeni hesabu wenyewe. Pale ofisini alikuwepo mzee amekaa pembeni na tasbihi yake, akaangalia leseni yangu akaniuliza kwa Kiswahili cha Unguja kabisa, "Kwenu wapi mwanangu?" Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitika marahaba, kumbe kazaliwa Zanzibar akahamia Oman ujanani kama wengi wao. Basi yule mzee ndiye aliyenisomea mkataba, mstari kwa mstari, nawaambia ukweli asingekuwepo yeye kuna mambo mawili matatu yangenipita.

La kwanza kilomita. Unalipia siku ukidhani umemaliza, kumbe una kilomita 200 au 250 tu kwa siku na zikizidi kila kilomita ina bei yake. Muscat kwenda Nizwa ni kama kilomita 160, kwenda na kurudi umeshavuka. Omba wajumlishe kilomita za siku zote kwa pamoja, mimi walinikubalia. La pili bima. Bima ya kawaida ina ekses, yaani gari likipata ajali kuna kiasi cha hasara unabeba wewe kwanza ndio bima inafuata, na mara nyingi taili, rimu, kioo cha mbele na chini ya gari havimo kabisa. Ongeza hela kidogo upate bima kubwa. La tatu, hata mkwaruzo mdogo ukitokea lazima upate ripoti ya polisi, bila karatasi ya polisi bima hailipi hata baisa (senti ya kule, 1,000 ndio rial moja), namba ya dharura ni 9999. Na kama una mpango wa Dubai, au Musandam ambayo kwa barabara unapita kwanza Emirati, sema mapema wakuandalie kibali na bima ya huko. Angalia pia mulkia, ile kadi ya gari, kama haijaisha muda na imo ndani ya gari.

Kabla sijaondoka nilipiga video gari zima, polepole, rimu moja moja, chini ya bampa, siti, geji ya mafuta na kilomita.

Sasa barabarani. Usukani uko kushoto na unaendesha kulia, kwa sisi wa gari za Japani hata indiketa imehama upande, ni ya kushoto na waipa kulia. Barabara kubwa haina shida kwasababu unafuata wenzako tu. Pa kuwa makini ni unapotoka sheli asubuhi barabara ikiwa tupu, hakuna gari la kukukumbusha upande, na kwenye kiplefti, maana unazunguka kinyume na kwetu na anayepewa njia ni yule aliyeko ndani anayekuja kutoka kushoto kwako. Shangazi yangu wa Al Khoud alinipa mbinu nzuri sana, akasema, "Mwanangu, wewe dereva kaa katikati ya barabara daima, abiria ndio awe ukingoni." Nilikuwa najisemea hivyo kila nikikunja kona na imenisaidia kwelikweli.

Spidi ya barabara kubwa ni 120 na gari nyingi zinalia kengele ukivuka hapo. Tochi zimejaa, sio trafiki kajificha nyuma ya mwembe, ni mashine zimesimama hapo usiku na mchana. Taa nyekundu ndio usiiguse kabisa, kule kuipita ni kosa la kukupeleka ndani. Hata gari likichafuka sana unaweza kupigwa faini kwahiyo vumbi la safari lioshe. Mafuta anakuwekea mhudumu, nilipokuwepo lita ya petroli ya M91 ilikuwa baisa 229, tanki zima la Yaris halifiki rial 10. Kwa sisi tunaojua bei ya sheli za Dar hiyo ni raha.

Nizwa nenda Ijumaa asubuhi na mapema, kuna mnada wa mbuzi karibu na ngome, wauzaji wanawazungusha mbuzi kwa kamba na wanunuzi wamekaa duara wanapiga bei, ila parking inajaa haraka. Jebel Akhdar hapo ndio zingatieni, chini ya mlima, pale Birkat al Mawz, kuna kizuizi cha polisi na gari ambalo sio 4x4 halipandi, hata ulie. Barabara ya juu ni lami tupu ila mteremko wake ni mkali, unapanda mpaka kama mita 2,000, na wakati wa kushuka lazima ushuke na gia ndogo, ukikanyaga breki mfululizo zinachemka. Kampuni ilinibadilishia nikapewa Prado kwa bei ya juu, na kule juu nikashusha vioo nikazima AC, hewa ya baridi kabisa wakati Muscat watu wanaungua, mashamba ya makomamanga yamepangwa ngazi ngazi ukingoni mwa bonde. Hela niliyoongeza siijutii.

Njia ya Sur inafuata bahari, gari dogo linatosha. Unapita shimo la Bimmah lenye maji ya kijani unaogelea, Wadi Shab unaacha gari chini ya daraja unavuka kwa boti. Sur yenyewe bado wanaunda majahazi ya mbao, ndio bandari ambayo vyombo vyake vilikuwa vinakuja Zanzibar na upepo wa kaskazi, mimi nilisimama pale muda mrefu.

Wadi sasa, yaani yale mabonde ya mito ambayo mara nyingi ni makavu. Yule mzee alinishika mkono kabisa, akasema ukiona maji yanapita barabarani usiingie hata kama wenzio wanaingia. Kuna nguzo za kupimia kina kwenye vivuko, mvua inanyesha milimani na huku chini jua linawaka, maji yanakuja ghafla. Bima hailipi na sheria yao inakufunga.

Kurudisha gari ndio palikuwa na kashkash. Kijana wa kaunta akainama kwenye rimu ya nyuma kulia akaweka kidole kwenye mkwaruzo, akaandika rial 35. Nikatoa simu nikamuonyesha video, mkwaruzo uleule, siku ya kwanza, na yeye mwenyewe anaonekana amesimama pembeni ya gari na funguo mkononi. Akafuta. Hakuomba radhi na hilo lilinikera, kampuni imepoteza nyota moja kwangu hapo, nawapa 4 kati ya 5.

Dipoziti hawarudishi siku hiyohiyo, wanasubiri kama wiki mbili kuona kama kuna faini za tochi. Mimi nilishaondoka, kwahiyo tuliandikishana risiti kwa jina la shangazi, akaenda kuchukua, zikarudi zote.