Misaada ya ndani ya gemu: uzoefu wangu na Celeste, Hades na Mario Kart 8 Deluxe

Celeste ilitoka Januari 2018. Mimi niliinunua baadaye sana, ilipopunguzwa bei, kwa sababu moja tu: niliambiwa ina menyu ya msaada ambayo mchezaji anaipanga mwenyewe, kipande kwa kipande. Menyu hiyo nilikuwa naihitaji. Ninashona nguo kutwa, na ikifika jioni kidole gumba cha mkono wa kulia kimekaza na kiganja kinauma. Akili inajua kabisa ni wakati gani wa kuruka. Kidole ndicho kinachochelewa.

Kwa asiyeijua, Celeste ni gemu ya kupanda mlima. Msichana anayeitwa Madeline anaruka, anang'ang'ania ukuta na kuukwea, na akiwa hewani anaweza kuchomoka mara moja kwa kasi kuelekea upande wowote kati ya pande nane. Nywele zake ni nyekundu. Akishachomoka zinageuka buluu mpaka aguse chini tena, kwa hiyo huhitaji kukodolea macho pembe ya skrini kujua kama mchomoko bado upo. Akining'inia ukutani kwa muda mrefu anaanza kumwekamweka rangi nyekundu, maana yake nguvu zinamwishia na karibu ataanguka. Sheria zote unazielewa mapema. Kinachobaki ni vidole, na hapo ndipo watu wanapokwama, kwa sababu kuna vyumba ambavyo lazima uruke, uchomoke, ushike ukuta na uruke tena kufumba na kufumbua. Ukikosea unakufa, unaanza upya papo hapo mwanzoni mwa chumba kilekile, na gemu inahesabu vifo vyako.

Menyu yenyewe inaitwa Assist Mode. Unaweza kuiwasha pale unapofungua faili jipya, au ukaiwasha baadaye kwenye faili unalolitumia tayari, na hupotezi chochote. Ukishaiwasha, ukisimamisha mchezo unaikuta. Kasi ya gemu inashuka kwa asilimia kumi kumi, kutoka 100 hadi 50. Unaweza kujipa nguvu za kukwea zisizoisha, au michomoko miwili hewani, au michomoko isiyo na idadi. Unaweza hata kujifanya huuawi na kitu, na ukianguka shimoni unarushwa juu uendelee. Ukichoka na sura nzima, unaivuka.

Kuna kimoja nilichokipenda kuliko vyote, nacho ni msaada wa kulenga mchomoko. Unabonyeza na kushikilia kitufe, kila kitu kwenye skrini kinaganda, mshale unatokea kukuonyesha Madeline ataelekea wapi, unauweka sawa, kisha unaachia. Pedi za Nintendo Switch, mashine ninayochezea, ni ndogo, na kuelekeza kijiti pembeni-juu kwa kidole kilichokaza ilikuwa adhabu. Nilikuwa nataka kwenda juu kulia, yeye anakwenda kulia moja kwa moja, kwenye miiba. Msaada huu ulimaliza tatizo hilo na haukugusa kitu kingine chochote. Miiba ni ileile na mashimo ni yaleyale, na bado ni mimi ninayeamua nichomoke lini na wapi.

Mfano wa sura ya tatu unaeleza vizuri zaidi. Sura hiyo iko ndani ya hoteli iliyotelekezwa, na mwenye hoteli ni mzimu anayeitwa Oshiro. Mwishoni anakasirika na kukufukuza juu ya paa. Anajipanga ukingoni mwa skrini, usawa uleule uliposimama wewe, anatulia kidogo, halafu anajirusha kukupitia. Kwa kasi ya kawaida nilikuwa namwona anavyojiandaa, naanza kubonyeza, na kumbe amekwisha nipitia. Nikashusha kasi hadi asilimia 80 na sikuongeza kitu kingine. Niliendelea kufa, tena sana, lakini sasa nikifa najua nimekosea wapi: hapa nimeruka mapema, pale nimetumia mchomoko ambao ningeuhitaji mbele. Ndipo nikagundua kwamba unaweza kumkanyaga Oshiro kichwani na kukitumia kichwa chake kurukia ukuta unaofuata. Kwa kasi ya kwanza nisingepata hata nafasi ya kuliona jambo hilo. Nilipovuka paa la mwisho nilipiga kelele hadi mwanangu akaja mbio kutoka chumbani kuuliza kuna nini.

Kwenye kazi yangu vipande vya nguo hupigwa bandi kwanza ili visihame, na cherehani ikishapita uzi wa bandi unafumuliwa. Ile asilimia 80 ilikuwa bandi. Sura ya nne, yenye upepo unaokusukuma huku na huku, niliianza kwa 80 na kuimaliza kwa 90, na hakuna aliyeniambia nipandishe. Niliona tu kwamba sasa ninasubiri gemu badala ya gemu kunisubiri mimi. Msaada wa kulenga sijauzima hadi leo na sina mpango wa kuuzima. Kidole changu hakitakuwa na miaka ishirini tena.

Jambo jingine lililonigusa ni kwamba msaada huu unaendana na hadithi yenyewe. Madeline anasumbuliwa na hofu. Kuna mahali wamepanda kikapu cha kuning'inia kwenye waya, yeye na rafiki yake Theo, kikapu kinakwama katikati, na hofu inamshika mpaka kupumua kunamshinda. Theo anamfundisha afikirie unyoya unaoelea, aupandishe na kuushusha kwa pumzi. Wewe mchezaji ndiye unayebonyeza kitufe kuuweka unyoya mahali pake. Gemu inayomfundisha mtu wake kupumua ingekuwa ajabu kama ingemcheka mchezaji aliyeomba muda zaidi, na haimcheki. Mwanzoni maelezo ya Assist Mode yalikuwa na ushauri kwamba mara ya kwanza ucheze bila msaada. Mwaka 2019 waliyaandika upya na ushauri huo ukaondoka. Nawashukuru kwa hilo. Sentensi moja kama ile inatosha kumfanya mtu mwenye mkono mbovu ajione ameingilia mlango usio wake.

Hades ya Supergiant Games, iliyokamilika mwaka 2020, ina njia nyingine kabisa. Unacheza kama Zagreus, mwana wa mtawala wa kuzimu, anayepigana kutoka huko, na kila akifa anarudi nyumbani kwa baba yake kuanza tena. Kwenye mipangilio kuna God Mode. Ukiiwasha, madhara unayopata yanapungua kwa asilimia 20, na kila ukifa yanapungua kwa asilimia 2 zaidi, mpaka kufikia 80. Piga hesabu: ni vifo 30 kutoka mwanzo hadi mwisho wa ngazi. Hupotezi hata kipande cha hadithi, na unaweza kuiwasha na kuizima unapotaka.

Wazo ni zuri, na kwa mtu ambaye tatizo lake ni uzoefu nadhani ni bora hata kuliko la Celeste, maana halimtaki ajipime mwenyewe. Kwangu mimi halikufaa. Adui wanakuja kwa kasi ileile na wewe unapaswa kubonyeza vitufe vilevile, mfululizo, kwa nusu saa na zaidi. Nilikuwa sifi haraka, kwa hiyo nilikuwa nabonyeza kwa muda mrefu zaidi, na asubuhi yake nilishindwa kushika mkasi vizuri. Anayetengeneza msaada anahitaji kwanza kujua ni kitu gani kinachomshinda mtu. Macho, masikio, vidole, kumbukumbu na woga ni vitu mbalimbali, na kupunguziwa kipigo hakuvitibu vyote. Ndiyo maana nazipenda gemu zinazokupa swichi nyingi ndogo. The Last of Us Part II ya mwaka 2020 ilitoka na mipangilio zaidi ya 60 ya ufikivu, hata asiyeona kabisa aweze kuicheza.

Mario Kart 8 Deluxe, gemu ya mbio za magari, ndiyo tunayoicheza wote nyumbani, watu wanne kwenye skrini moja, kwa hiyo hapa nitaeleza uzoefu wa mwanangu. Alianza akiwa mdogo, hajui kuachia kitufe cha mafuta kwenye kona. Gemu ina usukani wa kujirekebisha: ukitaka kutoka nje ya barabara unarudishwa ndani. Ina pia mwendo wa kujiendesha, mtoto asihangaike kushikilia kitufe. Kila mchezaji anajiwekea ya kwake, na huu ndio uzuri wake mkubwa, kwa sababu mimi, yeye na binamu yake mkubwa tunashindana barabara moja, kila mtu na msaada wake au bila msaada. Unapochagua gari unabonyeza kitufe cha kujumlisha na kuona kilichowashwa.

Gari lenye usukani huo linaota antena ndogo nyuma, na inamulika pale inapofanya kazi. Siku moja aliiona.

"Mama, hii waya ya nyuma ya gari langu ni ya nini?"

"Inakuzuia usitoke nje ya barabara."

"Mbona lako halina? Basi itoe."

Nikaitoa. Tukaingia Rainbow Road, barabara ya angani ambayo sehemu kubwa haina kingo, na akaanguka, akaopolewa, akaanguka tena, hadi machozi yakamlengalenga. Nilinyamaza. Mbio zilizofuata akasema, "Mama, hapa nirudishie waya." Tangu hapo anaamua mwenyewe: barabara anazozijua anaitoa, Rainbow Road anaiweka. Sikumshauri kitu. Msaada ulikuwa unaonekana kwa macho, una mahali pake kwenye gari, na mtoto asiyejua kusoma Kiingereza aliweza kuuliza habari zake.

Lawama yangu kwa Mario Kart ni mbili. Usukani huo huja umewashwa tayari, na nimewaona watu wazima wakicheza nao kwa miezi bila kujua upo. La pili, una gharama ambayo gemu haikuelezi wazi. Ukikunja kona kwa kuteleza, cheche za magurudumu hupita buluu na rangi ya machungwa hadi waridi, na kadiri unavyofika mbali ndivyo unavyopata msukumo mkubwa zaidi. Antena ikiwepo, zile za waridi hazitoki kamwe. Baadhi ya njia za mkato pia zinakataa kukuingiza. Binamu yake ndiye aliyetufumbulia fumbo hilo. Mtu ana haki ya kuambiwa kabisa anabadilisha nini na nini.

Kuna msaada ambao siupendi sana, ule wa kuchezewa. New Super Mario Bros. Wii ya 2009 ilikuwa nao: ukifa mara nane kwenye hatua moja, kisanduku cha kijani kinatokea, ukikigonga Luigi, mhusika anayeendeshwa na gemu yenyewe, anakuja kuivuka hatua mbele ya macho yako. Kwa haki, unaweza kumdaka njiani na kuendelea mwenyewe, na unafaa kama umepotea njia. Lakini kama njia unaijua na mkono ndio unaokataa, utamtazama Luigi akiruka vizuri, kisha utabaki na mkono wako uleule.

Na kuna ule wa siri. Utotoni tulicheza Crash Bandicoot kwenye vibanda vya gemu, tunalipia muda, na kila kifo kilikuwa kinakula hela ya mtu. Gemu hiyo ya 1996 ilikuwa na huruma ya chinichini: ukifa sana mahali pamoja, inakupa kinyago cha kukulinda. Watengenezaji wenyewe waliieleza baadaye. Sijui kuichukia, kwa sababu huenda ndiyo iliyonifanya nisiache. Ila kwa mtu mzima napendelea kuulizwa.

Wapo wanaosema kutumia misaada hii ni kudanganya. Namuuliza anayesema hivyo: ninamdanganya nani? Celeste naicheza peke yangu, usiku, baada ya kazi. Hakuna zawadi wala mpinzani aliyepunjwa. Mlima nimeupanda, na vifo vyangu gemu imevihesabu vyote.

Kinachokosekana kote ni lugha. Hakuna hata moja kati ya gemu hizi tatu yenye menyu ya Kiswahili, na menyu ya Celeste ni maneno matupu, hakuna picha. Mwanangu alitaka kuijaribu, nikalazimika kukaa naye na kumsomea mstari kwa mstari kila msaada unafanya nini. Tukamaliza, akachagua mwenyewe: kasi 70, michomoko miwili, na kutokufa akakataa. Kama wangechora picha ndogo pembeni ya kila mstari, asingenihitaji.

Kama una mikono kama yangu, nunua Celeste kwanza. Bei yake ya kawaida ni dola 19.99 na hupunguzwa mara kwa mara. Kama nyumba yako ina watoto na wakubwa wanaotaka kucheza pamoja, Mario Kart. Hades nunua kama vidole vyako ni vizima na unataka hadithi. Mimi sasa nimefika Farewell, sura iliyoongezwa bure mwaka 2019, ambayo ni ngumu kuliko zote zilizotangulia. Nimeweka kasi 80, msaada wa kulenga umewashwa, na kitufe cha kuivuka sura sijakigusa.