Kutengeneza faharasa ya kitabu kwa LibreOffice Writer: uzoefu wangu hapa Bukavu

Nina kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi pale Nyawera. Kazi zangu ni barua za kuomba kazi, TFC (kazi za kumaliza masomo) za wanafunzi, mialiko ya harusi. Mwalimu mmoja mstaafu aliponiletea madaftari manne ya historia ya Bushi, nchi ya Bashi, na pande zinazoizunguka, niliyachapa yote miezi mitatu, kurasa 312 za A5, nikajua sasa nalipwa salio langu. Akaniambia: "Mama, bado ile ya nyuma."

Nikamfungulia nyuma, nikamwonyesha orodha ya sura. Akacheka. Sisi huku tumekulia kwenye vitabu vya Kifaransa, na vingi vinaweka orodha ya sura mwishoni kabisa, ndiyo maana ukitaja "index" mtu anafikiria table des matières. Mwalimu alitaka faharasa yenyewe: majina ya watu, mito, vijiji na mambo makubwa, yote kwa alfabeti, kila moja na kurasa zake. "Mtu wa Walungu akinunua kitabu," alisema, "kwanza ataangalia kwao kumesemwa wapi."

Mashini yangu inatumia LibreOffice, ambayo Writer ndiyo sehemu yake ya kuandikia. Ni ya bure, na sikutumia hata mega moja ya intaneti: faili yake inapita MB 300, rafiki aliniletea kwenye flashi. Menyu zangu ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo nitazitaja hivyo hivyo.

Njia ya kwanza niliyojifunza ni ya mkono. Unachagua neno ndani ya maandishi, unaenda Insertion, kisha Table des matières et index, kisha Entrée d'index, unachagua Index lexical, unabonyeza kuingiza. Neno linapata kivuli cha kijivu ambacho hakitoki kwenye karatasi. Dirisha linabaki wazi, kwa hiyo unaweza kuendelea na neno lingine bila kurudi kwenye menyu. Kuna pia kisanduku cha kuiambia programu itie alama kila mahali neno hilo linapotokea. Hicho kisanduku nilikipenda mno. Nilikitia tiki kwenye kila kitu kwa siku mbili, halafu nikaenda mwisho wa kitabu nikatoa faharasa.

Zilitoka kurasa kumi na nne, na ilikuwa takataka tupu.

Kabare ilikuwa na kurasa zaidi ya hamsini mfululizo. Kabare ni chefferie (eneo la mfalme wa jadi), ni territoire (wilaya), na ni jina la bami (wafalme) wenyewe, na programu iliwaweka wote kwenye mstari mmoja. Mto Ruzizi ulikuwa mara mbili, kwa sababu Mwalimu akinukuu maandishi ya upande wa Burundi anaandika Rusizi. Kisiwa cha Idjwi kilikuwa na mwenzake Ijwi. Chini ya Lumumba kulikuwa na kurasa saba, na tano kati yake zilikuwa za barabara, avenue Patrice Lumumba: duka lilifunguliwa hapo, mvua ikaharibu pale. Na Essence, ile carrefour (njia panda) ambayo kila mtu wa Ibanda hapa mjini anaijua, ilijaa kurasa za bei ya essence, yaani petroli, ya magari.

Hapo nikafanya kosa ambalo ningeomba msilirudie. Nilitoa kinga inayozuia mtu kuandika ndani ya faharasa, nikaanza kuisafisha humo humo: nafuta namba, naunganisha mistari, naongeza koma. Jioni mbili, moja kwa betri maana umeme ulikuwa umekatika. Ikawa nzuri kweli. Asubuhi yake Mwalimu akaja na aya mbili za kuongeza kwenye sura ya tatu, kurasa zikasogea, nikabonyeza kulia kwenye faharasa na kuchagua kuihuisha. Usafi wangu wote ukapotea kwa sekunde moja, Rusizi ikarudi kukaa mahali pake. Programu haina kosa hapo. Faharasa unayoiona mwishoni ni kivuli tu cha alama zilizo ndani ya maandishi. Ukikihuisha kivuli, kinachorwa upya kutoka kwenye alama. Uchafu unasafishwa kule unakotoka.

Nilichotakiwa kutumia tangu mwanzo kinaitwa fichier de concordance. Ni faili ndogo ya maandishi matupu yenye mwisho wa .sdi, mstari mmoja kwa kila neno, vipande vikitenganishwa na nukta mkato: neno la kutafuta, jinsi unavyotaka liandikwe kwenye faharasa, kichwa cha kuliweka chini yake, kichwa cha pili kama kipo, halafu 0 au 1 kwa herufi kubwa na ndogo, na 0 au 1 kwa neno zima. Mstari wangu wa Ruzizi uko hivi:

Rusizi;Ruzizi;Mito;;1;1

Maana yake: popote ukikuta Rusizi, iandike Ruzizi, iweke chini ya Mito, zingatia herufi kubwa, na chukua neno zima tu. Uzuri wake ni kwamba kila ukihuisha, programu inaondoa alama zilizotoka kwenye faili hiyo na kuziweka upya. Ukikosea unarekebisha mstari mmoja kwenye orodha, hurudi kupekua kurasa 312. Alama ulizoweka kwa mkono haizigusi.

Ile 1 ya herufi kubwa ndiyo iliyotenganisha Essence ya carrefour na essence ya tangi. Lumumba nilimtoa kabisa kwenye orodha, nikamtia alama kwa mkono pale anapotajwa yeye mwenyewe. Kabare niliigawa vivyo hivyo: "Kabare, chefferie", "Kabare, territoire", na bami kila mmoja kwa jina lake, na neno mwami likiwa nyuma ya koma, la sivyo wafalme wote wanajikusanya kwenye M.

Kiswahili chenyewe sasa. Hapa ndipo palinichosha, na sijaona maelezo yoyote yanayopagusa, kwa sababu wanaoandika maelezo wanafikiria lugha ambazo neno linabadilika mkia. La kwetu linabadilika kichwa. Kijiji kiko kwenye K, vijiji viko kwenye V, kama watu wasiofahamiana. Mto uko mbali na mito. Halafu Mwalimu ni mtu wa kuandika "mtoni", "kijijini", "milimani". Ukiweka neno zima, "mto" haipati "mtoni". Ukiondoa neno zima, "mto" inakuletea kila "mtoto" wa kitabu. Niliona hivyo kwa macho yangu: chini ya mto kulikuwa na ukurasa wa 41, nikaufungua, ni habari za mtoto wa shule ya misioni.

Hakuna ujanja, ni kuandika mistari yote. Mto, mito, mtoni, mitoni, kila moja ikielekezwa kwenye "mito". Kwa maneno ya kawaida tulikubaliana na Mwalimu tutumie wingi kama kichwa, na neno ambalo msomaji hatalitafuta tusilipe mstari. Tulifuta mengi hapo. Mushi, Bashi, Mashi na Bushi tuliwaacha wanne, kwa sababu mtu, watu, lugha na nchi si kitu kimoja, na Mwalimu hakutaka hata kusikia wazo la kuwaunganisha. Orodha iliishia mistari 430 hivi, na faharasa ikashuka hadi kurasa sita.

Kuna jambo moja ambalo Writer haina na nililihitaji sana: namna ya kuandika "Costermansville, angalia Bukavu". Kila ingizo linataka kubeba namba ya ukurasa. Kitabu cha historia ya Kongo bila "angalia" ni shida: Albertville ni Kalemie, Élisabethville ni Lubumbashi, nchi yenyewe ilikuwa Zaire kuanzia 1971 hadi 1997. Niliziandika kwa mkono mwishoni kabisa, baada ya kuhuisha kwa mara ya mwisho, na nikazihifadhi pembeni kwenye faili nyingine endapo nitalazimika kuhuisha tena. Nililazimika mara mbili.

Microsoft Word inayo hiyo "angalia", kwenye dirisha lake la kutia alama, na nimeijaribu kwenye mashini ya shemeji yangu. Lakini leseni yake inalipiwa, na ina mtego wake: alama zake ni maandishi yaliyofichwa, na kama umeyaonyesha kwenye skrini wakati wa kuhuisha, yanachukua nafasi, kurasa zinasogea na namba zinatoka za uongo. Uyafiche kwanza. Pia ukiiambia itie alama kila mahali, inachukua tokeo la kwanza tu katika kila aya. Kwa faharasa hilo hata linafaa.

Kingine: msitoe faharasa kabla ukubwa wa karatasi na herufi havijaamuliwa. Kazi yangu ya nyuma, kijitabu cha kwaya, nilimpa mchapaji faili inayoweza kubadilishwa, naye akabadilisha herufi. Nyimbo zote zilihama ukurasa. Cha Mwalimu nilikitoa PDF, nikampa PDF peke yake.

Kwa bei ya bure, LibreOffice ningeipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa sababu ya "angalia". Na sasa faharasa naitoza peke yake, haimo tena kwenye bei ya kuchapa.

Kitabu kimetoka na kosa moja. Ukitafuta Essence utaona ukurasa wa 88. Ukifika huko, ni essence ya magari: sentensi inaanza na neno hilo, kwa hiyo ina E kubwa, ikapita kwenye kichujio changu. Nilimwomba Mwalimu msamaha. Akavaa miwani, akasoma ukurasa, akasema tuiache hivyo, maana foleni aliyoiandika pale alisimama yeye mwenyewe, na alisimama Essence.