what3words au Plus Codes: ipi inamfikisha boda mlangoni?

Karibu kila anayeisikia what3words, programu inayotaja mahali kwa maneno matatu, kwa mara ya kwanza huanzia mahali pamoja. Anaipakua, anatafuta maneno ya mlango wa kwao, anacheka, anamtumia rafiki. Baada ya hapo linakuja swali zito zaidi: kwa nini nisitume tu lokesheni ya WhatsApp? Swali hilo ni la haki. Uhakiki huu unailinganisha na Plus Codes, misimbo ya mahali ya Google, na unamlenga anayeletewa mizigo, anayeuza mtandaoni, na kila anayeishi pale ambapo anwani ni "shuka kituo cha pili, pita duka la Mangi, halafu ulizia".

Kampuni yenyewe ilianzishwa London mwaka 2013. Imeigawa dunia nzima, bara na bahari, katika miraba ya mita 3 kwa mita 3, jumla yake yapata trilioni 57, na kila mraba umepewa maneno matatu yasiyobadilika. Mlango wa mbele wa namba 10 Downing Street, London, ni ///slurs.this.shark. Vile vimshazari vitatu mwanzoni ni alama tu ya kuonyesha kwamba maneno yanayofuata ni anwani. Orodha ya Kiingereza ina maneno yapata 40,000. Ukiyapanga matatumatatu unapata michanganyiko trilioni 64, kwa hiyo miraba yote inatoshelezwa. Lugha nyingine nyingi zina orodha ya maneno yapata 25,000, zilizopangwa kwa ajili ya nchi kavu. Kiswahili kimo, na unakichagua kwenye mipangilio. Angalizo: ukibadili lugha, mraba uleule unapata maneno mengine kabisa, wala si tafsiri ya yale ya kwanza. Duka likiandika anwani yake kwa Kiingereza kwenye bango na kwa Kiswahili kwenye risiti, wateja wataamini ni sehemu mbili tofauti.

Kinachovutia kweli ni kwamba haihitaji bando kupata maneno. Hesabu ya kugeuza latitudo na longitudo kuwa maneno inafanyika ndani ya simu, na GPS yenyewe haitumii data. Ukiwa shambani au porini pasipo mtandao, picha ya ramani haitafunguka lakini maneno yatatokea, na unaweza kuyatamka kwa simu ya kawaida au kuyatuma kwa SMS. Pini ya WhatsApp haiwezi hilo, maana inahitaji intaneti pande zote mbili. Hapa ndipo programu hii inapostahili nafasi yake kwenye simu: kisima, mpaka wa kiwanja, gari lililoharibika njiani, geti la nyuma la ukumbi wa harusi, mahali pa kushusha kokoto. Posta ya Mongolia iliikubali mwaka 2016 kwa sababu ya aina hiyohiyo. Nchi ni pana, watu wengi ni wafugaji wanaohama, na majina ya barabara hayawafikii.

Tatizo linaanza maneno yanapopita mdomoni na sikioni.

Waundaji walitaka anwani zinazofanana kwa sauti ziwe mbalimbali sana, ili aliyekosea aone pini imeangukia bara jingine na kugundua kosa papo hapo. Mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Lakini mwaka 2021 mtafiti wa usalama Andrew Tierney alichapisha uchambuzi ulioonyesha jozi za anwani za Kiingereza zinazotofautiana kwa kitu kidogo, mara nyingi "s" ya wingi tu, huku sehemu zenyewe zikiwa ndani ya eneo moja. Kosa la namna hiyo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu pini iliyoanguka Vietnam utaitilia shaka, ila iliyoanguka kata ya jirani utaiendea. Mwaka huohuo BBC iliripoti kwamba waokoaji wa milimani wa England na Wales walikuwa wameorodhesha anwani 45 walizopewa katika miezi 12 ambazo hazikuwa sahihi. Huduma nyingi za dharura za Uingereza zinaendelea kuipokea, na kampuni imejitetea kwamba makosa ya kusoma na kuandika hutokea hata kwa mifumo mingine ya kutaja mahali. Kweli hutokea. Tofauti ni kwamba ukikosea tarakimu ya mwisho ya latitudo unaangukia karibu, na ukikosea herufi moja ya neno hujui utaangukia wapi.

Kwa Kiswahili hatari iko kwingine. Wazungumzaji wengi hawatofautishi R na L, wengine "dh" na "z", wengine "th" na "s", na H ya mwanzo humezwa. Yote hayo tunayavuka kila siku kwa sababu sentensi hutusaidia kuelewa kilichokusudiwa. Maneno matatu yasiyo na uhusiano hayana sentensi ya kuyaokoa. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kuitumia huku kwetu ni kuandika: SMS, WhatsApp, karatasi iliyobandikwa kwenye mzigo. Ukilazimika kuyasema kwa simu, tamka neno moja, subiri mwenzako alirudie, litaje herufi kwa herufi, kisha nenda la pili. Akishayaingiza, muulize jina la eneo linaloonekana chini ya anwani. Programu huonyesha mahali palipo karibu, na ukikosea hukupendekezea anwani zinazofanana. Wengi hugusa pendekezo la kwanza bila kusoma jina la eneo, na mzigo huanza safari ya kwenda usikotakiwa.

Kuna kasoro nyingine isiyozungumzwa sana, nayo ni usahihi wenyewe. Mraba ni wa mita 3, lakini GPS ya simu ya kawaida, chini ya anga wazi, hukosea kwa mita 5 hivi. Chini ya bati, ndani ya ghorofa, au kwenye vichochoro vya Kariakoo ambako mawimbi hugonga kuta kabla ya kufika kwenye simu, kosa linaweza kuwa la makumi ya mita. Programu itakupa maneno matatu kwa uhakika uleule, iwe simu inajua ilipo au inakisia. Na kwa kuwa mraba wa jirani una maneno tofauti kabisa, watu wawili waliosimama mlango mmoja wanaweza kupata anwani mbili zisizofanana hata kidogo na kudhani mmoja kapotea. Dawa ni kutoka nje, kuwasha usahihi wa mahali kwenye mipangilio ya simu, kuzima hali ya kuokoa betri, kusubiri hadi duara la bluu lisinyae, kisha kubadili ramani iwe picha ya setelaiti na kugusa wewe mwenyewe mraba ulio juu ya geti. Usiikubali nukta ya bluu kama ilivyo.

Na ghorofa? Mfumo haujui kwenda juu. Duka la chini na ofisi ya ghorofa ya saba zilizo kwenye mraba mmoja zina maneno yaleyale.

Sasa Plus Codes, ambazo watu wengi wanazo kwenye simu bila kuzijua. Zilitoka Google mwaka 2014, mfumo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia bila malipo, na zimo ndani ya Google Maps. Bonyeza mahali kwenye ramani bila kuachia mpaka pini idondoke, vuta juu maelezo yake, tafuta mstari wenye alama ya kujumlisha iliyochorwa kwa vinukta, uguse nao unanakiliwa. Utaona kitu kama herufi na namba nne, alama ya +, herufi mbili au tatu, kisha jina la mji.

Msimbo kamili una herufi na tarakimu kumi. Nne za kwanza hutaja eneo la digrii moja kwa moja, takriban kilomita 110 kila upande: Dar es Salaam ni 6G5X, Nairobi ni 6GCR. Ukitaja mji, hizo nne unaziacha. Mbili zinazofuata zinashuka hadi kama kilomita 5.5, ndiyo maana misimbo ya Posta na Kariakoo yote huanza na 57, na ya katikati ya Nairobi huanza na PR. Ukifika tarakimu ya kumi uko kwenye mraba wa mita 14 hivi, na ya kumi na moja inakufikisha kwenye kieneo cha mita 3.5 kwa 2.8. Herufi zilizotumika ni 20 tu. Irabu hazimo, kwa hiyo msimbo hauwezi kuunda tusi kwa bahati mbaya. Herufi O na I hazimo, wala sifuri na moja, kwa hiyo hakuna kubishana kama ni O au sifuri.

Faida kubwa ni kwamba majirani wanafanana. Dereva aliyepeleka mzigo kwenye msimbo fulani jana akiona leo msimbo unaoanza vivyo hivyo anajua ni mtaa uleule kabla hata ya kufungua ramani. Mwenye duka anaweza kupanga oda zake kwa alfabeti na zikajipanga zenyewe kwa maeneo. Kwa what3words huwezi kufanya hivyo hata ukitaka.

Ubaya wake ni mdomo. Hakuna anayefurahia kusema "tano-saba-M-Q jumlisha…" huku pikipiki inanguruma. Msimbo haukaririki kirahisi, na mteja akiunakili bila jina la mji, au akisahau alama ya +, Google Maps inaweza kumletea matokeo ya utafutaji badala ya pini. Tarakimu kumi pekee pia hazitoshi mtaani ambako nyumba zimebanana. Mita 14 ni milango minne. Chukua msimbo wenye herufi tatu baada ya alama ya +.

Kwa muuzaji wa mtandaoni uamuzi wangu ni huu: Plus Code kwa wateja, what3words kwa sehemu zisizo na mtandao. Sababu haimo katika uzuri wa wazo. Boda tayari ana Google Maps, na simu yake mara nyingi imejaa. Kumwambia apakue programu nyingine, ajifunze, kisha aihamishe njia kurudi Google Maps, ni kumwongezea hatua tatu kwa safari moja. Google Maps haiyatambui maneno matatu ukiyabandika kwenye sehemu ya kutafutia. Kuna njia ya kukwepa hilo: tuma linki ya w3w.co pamoja na maneno, ambayo hufunguka kwenye kivinjari bila programu, lakini hapo unahitaji bando, na ile faida ya kwanza imeondoka.

Pini ya WhatsApp nayo isidharauliwe. Inashindwa hasa pale mteja anapobonyeza "tuma mahali nilipo" akiwa kazini huku mzigo ni wa nyumbani. Kosa hili ni la kawaida kuliko yote katika biashara ya kupeleka bidhaa. Swali moja linalizuia: "Hapo ulipotuma ndipo mzigo unapokwenda?" Tatizo jingine la pini ni kwamba inazama kwenye mazungumzo. Msimbo wa maandishi unaweza kukaa kwenye daftari, kwenye jedwali la oda, kwenye jina la mteja ulilohifadhi kwenye simu.

Tanzania kuna pia NaPA, programu ya serikali inayobeba anwani za makazi zilizowekwa katika operesheni ya mwaka 2022: namba ya nyumba, jina la barabara, postikodi ya tarakimu tano. Kwa fomu na barua rasmi, hiyo ndiyo anwani yako, maneno matatu hayatachukua nafasi yake. Kwa mzigo, tumia anwani hiyo pamoja na Plus Code pale kibao cha namba kipo ukutani.

Usitegemee maneno matatu unapopiga simu ya dharura. Taja mtaa, barabara kuu iliyo karibu, na alama inayoonekana usiku, kama kituo cha mafuta, msikiti, kanisa au shule. Maneno au msimbo uwe nyongeza, baada ya hayo.

Ujumbe wa oda unaofanya kazi una vitu vinne: Plus Code yenye jina la mji, alama ya kuonekana, maelezo ya mlango na ghorofa, namba ya simu itakayopokelewa. Kwa mfano, baada ya msimbo andika: "geti la bluu mkabala na mashine ya kusaga, ghorofa ya 2, mlango wa kushoto, piga ukifika." Asiandike mteja "karibu na mwembe". Miembe ni mingi. Msimbo unamleta boda hadi mita chache, na rangi ya geti inammalizia zilizobaki.

Kuhusu gharama, what3words ni bure kwa mtu binafsi. Kampuni inayotaka kuiunganisha na mfumo wake wa oda inalipia kadiri ya matumizi, na haiwezi kutengeneza mfumo wake unaosoma maneno yale bila ruhusa. Waandishi wa programu wamelilalamikia hili tangu mwanzo, na mwaka 2020 toleo mbadala lililoitwa WhatFreeWords liliandamwa kisheria mpaka likaondolewa. Malalamiko yao yana uzito. Ukiwa na wateja elfu tatu walioandikwa kwa maneno matatu, unaihitaji kampuni hiyo iendelee kuwepo na iendelee kukupa bei unayoimudu. Ukilazimika kuanza nayo, weka kwenye jedwali safu mbili za ziada, latitudo na longitudo, na uzijaze siku ileile unapopokea anwani.