Mkanda wa 1992: Royal Rumble ya kuanzia

Haya, karibuni tena watazamaji wangu. Januari ikifika mnajua ugonjwa wangu, nafukua Royal Rumble za zamani, yale mashindano ya mieleka ya kurushana nje ya ulingo. Na kila mwaka swali ni lile lile: "Kaka, nianze na ipi?" Leo nawajibu. Anza na mkanda wa 1992. Nikisema mkanda nina maana zote mbili, wa kuangalia na wa ubingwa, na mtaona kwa nini.

Kwa mgeni, kwanza. Battle royal ilikuwepo tangu zamani: watu wanajazwa ulingoni kama daladala ya jioni, kengele inalia, kila mtu anasukuma aliye karibu. Vurugu tupu. Pat Patterson, mwanamieleka wa Kanada aliyekuwa amestaafu, akaongeza kitu kimoja tu: saa. Wanaanza wawili, halafu kila baada ya dakika mbili hivi anaingia mwingine. Ukirushwa juu ya kamba ya juu na miguu yote miwili ikagusa chini, nenda kaoge. Ya kwanza kuonyeshwa kwenye televisheni ni ya Januari 1988, mjini Hamilton, Ontario. Waliingia watu 20, akashinda Jim Duggan. Mwaka uliofuata wakawa 30.

Sasa tusogee Albany, New York, Januari 1992. Ubingwa wa dunia wa WWF (siku hizi WWE) ulikuwa wazi, kwa sababu wanamieleka Hulk Hogan na Undertaker walikuwa wamenyang'anyana kwa utata mpaka uongozi ukautwaa. Ikaamuliwa: atakayebaki wa mwisho ndiye bingwa. Mwanamieleka Ric Flair akachomoa namba 3 ya kuingia. Namba 3, jamani! Hapo ni kama umeambiwa ufagie uwanja mzima peke yako. Akakaa mle karibu saa nzima, anapigwa, anaanguka kifudifudi, anabembeleza, anafinya macho ya watu, anajivuta chini ya kamba. Hakushinda kwa ubabe, alishinda kwa kukataa kutoka.

Na sikilizeni watangazaji. Bobby Heenan alikuwa upande wa Flair waziwazi, kila dakika presha inampanda, na Gorilla Monsoon anamchokoza. Mimi nilipoiona mara ya kwanza, kwenye deki ya jirani, Kiingereza nilikuwa sikijui. Ila Heenan nilimwelewa. Ile ni sauti ya shabiki ambaye timu yake inaongoza bao moja na mpira hauishi.

Mwisho wanabaki Flair, Sid Justice na Hogan. Sid anamtupa Hogan. Hogan, badala ya kwenda zake, anasimama chini na kuung'ang'ania mkono wa Sid, na Flair anamalizia kazi kwa nyuma. Sasa niambieni, shujaa wa watoto ndiye anafanya hivyo? Mpaka leo namwona Hogan ndiye mkosaji.

Kasoro zipo. Kwenye mkanda huo huo kuna mechi ya timu mbili, Bushwhackers na Beverly Brothers: irukeni, nawasihi. Na msitegemee wanawake humu: Royal Rumble yao ya kwanza ilikuja 2018, Philadelphia, akashinda Asuka. Mwaka huo huo, Jeddah, Saudi Arabia, waliingiza watu 50. Hamsini! Ninachokikumbuka zaidi ni Titus O'Neil akikimbilia ulingo, akajikwaa na kuteleza mpaka chini ya jukwaa. Ukiongeza watu ovyo, saa ya Patterson inapoteza utamu. Unaacha kungoja nani anakuja, unaanza kuhesabu wamebaki wangapi.

Akili niliyoipenda zaidi baada ya 1992 ni ya Kofi Kingston, mzaliwa wa Ghana, mwaka 2012. Alitupwa nje akatua kwa mikono, akatembea nayo hadi kwenye ngazi ya ulingo. Sheria inasema miguu, haikutaja mikono.

Alama zangu kwa 1992: tisa juu ya kumi. Moja nimemkata Hogan.