Mama yangu alihamishwa kiti Mikumi: uzoefu wangu wa safari ya siku moja

Nimeahirisha kuandika tathmini hii mara tatu nikitarajia kwamba hasira itapoa, na kwa kuwa haijapoa nimeona niiandike ikiwa na moto wake. Anayetaka kujua ukubwa wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, viingilio vyake au orodha ya wanyama waliomo atayapata hayo kwa urahisi pengine. Mimi nitaeleza habari za kiti kimoja cha gari, kwa sababu safari yangu yote ilikalia kiti hicho.

Miezi kadhaa iliyopita, majani yakiwa yamekauka na mvua za vuli hazijaanza, nilimpeleka mama yangu kutalii. Mama alizaliwa na kulelewa wilayani Kilosa, upande wa mashamba yaliyo jirani na hifadhi, na husema kwamba hifadhi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1964 yeye alikuwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kupita getini. Alichokijua kuhusu tembo ni madebe yaliyopigwa usiku kucha ili kuwafukuza, kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu kuzunguka shamba, na asubuhi yake mahindi yaliyolala chini kana kwamba mtu amekokota godoro juu yake. Wanyama wengine aliwaona kama tunavyowaona wote tunaosafiri kwenda Iringa na Mbeya: kupitia dirisha la basi, katika zile kilometa 50 hivi ambazo barabara kuu inakata katikati ya hifadhi, dereva akipunguza mwendo kwa kuogopa matuta na mabango ya faini, na abiria wa upande wa pili wakisimama na kuuliza "wapi, wapi?" mpaka swala amekwisha kupita. Nilitaka angalau mara moja katika maisha yake asimamishiwe gari.

Tulinunua nafasi mbili katika safari ya kuchangia, ile ambayo kampuni hujaza watu wasiojuana katika gari moja, tukapanda treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro. Kufikia hapo sina lalamiko. Treni ilifika kwa wakati, na mama alistaajabu kwamba chai aliyoimimina kwenye kikombe haikumwagika hata tone.

Nje ya stesheni alitusubiri dereva, ambaye pia ndiye mwongoza watalii, kijana wa miaka thelathini hivi aliyevaa kaki iliyopigwa pasi ikanyooka. Vijana wanne wa Kiholanzi waliokuwa wamelala Morogoro walikwisha kufika, na dereva alikuwa akiwachangamkia kwa bashasha kubwa, "Jambo" na "Hakuna matata" zikimtoka mfululizo. Alipomgeukia mama yangu, mtu wa umri wa kumzaa, alitazama simu yake na kusema, "Nyie ndio wale wawili?" Mama alingoja kidogo, akaona hakuna kinachofuata, akasema, "Marahaba, mwanangu."

Mama ana magoti mabovu. Nilimsaidia kupanda, akakaa kiti cha kwanza nyuma ya dereva, ambacho kiko karibu na mlango na kina dirisha pana. Alikuwa amekwisha kufunga mkanda na kukiweka kikapu chake miguuni, ndipo dereva alipochungulia ndani na kusema: "Mama, wewe sogea kule nyuma kabisa, hapo ni pa wageni." Mama akauliza bila ukali wowote, "Na mimi hapa ni nani?" Akajibiwa, "Wewe si mwenyeji, mama? Wenzako wametoka mbali na wamelipa dola." Mama akafungua mkanda, akachukua kikapu chake, akahama.

Nimelifikiria sana neno hilo, mwenyeji. Katika malezi niliyopewa, mgeni hupata kiti kizuri kwa sababu mwenyeji amempisha kwa hiari yake. Sijawahi kusikia nyumba ambayo mtu wa tatu anamwinua mwenyeji kitini kisha anamtajia wenyeji wake kuwa ndiyo sababu. Na hiyo hoja ya dola haisimami. Ni kweli kwamba raia wa Tanzania huingia hifadhini kwa shilingi, na kwa kiasi kidogo sana kuliko mtu wa kutoka nje, jambo ambalo naliona kuwa la haki, hasa kwa mtu ambaye mahindi yake yameliwa na hao hao wanaokwenda kutazamwa. Lakini kiingilio ni cha hifadhi, hakinunui kiti cha gari. Kiti tulikinunua kwa kampuni, na mchana nilipomuuliza mmoja wa wale vijana walilipa kiasi gani kwa nafasi ya gari, alinionyesha risiti kwenye simu yake bila hiyana. Bei ilikuwa ileile, isipokuwa wao walipewa punguzo kidogo kwa kuwa walikuwa wanne. Kwa maneno mengine, mama yangu alilipa zaidi ili akae nyuma.

Tangu hapo kila kitu kilinikera, na nakiri kwamba baadhi ya vitu havikuwa na kosa. Kiti cha mwisho katika Land Cruiser ndefu kimekaa juu ya magurudumu, kwa hiyo kwenye kila tuta mama alirushwa na kurudishwa. Pembeni yake palikuwa na deli la maji lisilofungwa, ambalo liliteleza kwenye kila kona na kumgonga kifundo cha mguu, nami nikalizuia kwa kiatu mpaka paja likakaza. Yai la kuchemsha katika boksi la chakula lilikuwa na mduara wa kijani kuzunguka kiini, jambo ambalo siku nyingine nisingelitazama mara mbili. Mbung'o nao niliwahesabia kampuni, na hapo sitarudi nyuma. Mbung'o huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ndiyo maana porini unaona vitambaa vya rangi hizo vimetundikwa kama mitego. Wale vijana walikuwa wameandikiwa mapema kwamba wavae kaki na rangi za udongo. Sisi hatukuambiwa neno. Mama alikuja na kanga mpya ya buluu iliyoiva, aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, na kabla ya saa tano ilikuwa imetuliwa na mbung'o watatu kwa mpigo, wale wanaochoma juu ya nguo na ambao ukiwapiga kofi wanaruka kana kwamba umewapapasa.

Sasa, haki itendeke: kijana yule kazi yake anaijua. Katika uwanda wa Mkata, ambako nyasi za kiangazi na simba ni rangi moja, yeye aliona ncha ya sikio, akazima injini tukiwa bado mbali, na mimi nilitazama kichuguu kile kwa dakika nzima mpaka kilipopiga mwayo. Hakukimbizana na magari mengine yaliyokuwa yakiitana kwa redio, wala hakumzingira mnyama. Kama tathmini hii ingehusu macho yake tu, ningempa nyota zote zilizopo. Tatizo ni kwamba maelezo yote, kuanzia getini, yalitolewa kwa Kiingereza, nami nikabaki kumtafsiria mama kwa mnong'ono huku nikishindana na sauti ya deli. Alipokuwa akieleza kwamba jina la Mikumi limetokana na miti ya mikumi, ile mivumo mirefu yenye majani kama pepeo, mama alifuata kidole chake, akaniambia, "Anawasimulia mikumi. Waambie na tunda lake linaliwa." Niliwaambia, wakafurahi kweli, mmoja akaandika kwenye daftari lake. Dereva alinitazama kwenye kioo na hakusema kitu.

Tembo ndio walionimaliza. Kundi la majike na watoto wao lilikatiza njia mbele yetu, polepole, mdogo kuliko wote akikanyaga mkonga wake mwenyewe, na ndani ya gari kukawa kimya. Mama akaegemea mbele, akauliza kwa adabu, "Mwanangu, hawa ndio wanaotoka usiku kuja mashambani, au wale ni wengine?" Dereva akajibu bila kugeuka, "Mama, hayo ya mashamba tuyaache, watu wako likizo."

Nitasema wazi kwamba siku hiyo hakuna swali bora zaidi lililoulizwa garini, nikiyahesabu na yangu. Mama alijijibu mwenyewe. Alitazama nyayo walizoacha kwenye vumbi, akaweka mkono wake juu ya goti kuanzia kiwiko hadi vidole, akasema, "Wa kwetu wana nyayo kubwa kuliko hizi." Baadaye nilisoma kwamba katika sehemu nyingi wanaovamia mashamba zaidi ni madume, si majike wenye watoto. Mwongoza watalii angeweza kumweleza hivyo kwa sentensi moja, au angeweza kumuuliza yeye, na wale Waholanzi wangeondoka na habari ambayo haimo katika kitabu chao cha mwongozo. Badala yake alimnyamazisha shahidi pekee aliyekuwamo garini.

Kwenye bwawa la viboko, ambako watu huruhusiwa kushuka na kunyoosha miguu, nilimwita dereva kando na kumweleza yote niliyoyaeleza hapa, kwa sauti ambayo sijivunii. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Viti anapanga bosi, mimi ni dereva tu." Nilimjibu kwamba bosi hakuwapo stesheni. Lakini nilipokuwa nikitafuna yai langu la kijani, nyuma yetu viboko wakikoroma, nilianza kufikiri kwamba huenda ni kweli; huenda kweli kuna mtu ofisini anayeamua nani atazamishwe wanyama na nani asindikizwe, na kijana huyu anaishi kwa bahashishi za wale wanaokaa mbele. Hilo halikunipunguzia hasira. Liliifanya tu ikose mahali pa kwenda.

Binti mmoja wa Kiholanzi, ambaye hakujua Kiswahili ila sauti yangu aliielewa barabara, aliniuliza kuna nini. Nilimweleza kwa kifupi. Hakutoa hotuba yoyote. Alitutangulia garini, akaenda kukaa nyuma kando ya deli, akalikumbatia kwa miguu yake miwili, na dereva alipomwomba arudi mbele alitikisa kichwa. Basi mchana huo mgeni ndiye aliyempisha mwenyeji, na mama yangu akarudi kwenye dirisha lake.

Kwa hiyo twiga alimwona vizuri. Picha ya twiga tumeitazama tangu darasa la kwanza, lakini huyu alikuwa karibu na njia, akiuzungushia ulimi wake mweusi mweusi mgunga wenye miiba mirefu kama vidole, akachuna majani na kuiacha miiba mahali pake, bila sauti yoyote. Mama hakupiga picha. Baada ya muda mrefu alisema polepole, "Kumbe ana kope." Dereva alikuwa amezima injini, na hata wenzetu walipochoka kupiga picha hakuiwasha. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaeleza kitu kwa Kiswahili: "Huyu ni dume, mama. Tazama pembe zake juu hazina nywele, zimesuguliwa kwa kupigana." Mama akamuuliza wanapigana vipi, naye akamwonyesha kwa shingo yake mwenyewe jinsi wanavyopigana vikumbo, mpaka kofia ikamdondoka. Nilikereka kwa jinsi nilivyofurahi.

Jioni, tulipofika stesheni, mama alifungua pindo la kanga yake na kutoa noti ya elfu kumi. Nilimwambia kwa macho asithubutu. Alimpa. Kijana aliipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, mama." Mama akamjibu, "Marahaba. Ile ya asubuhi nilikukopesha."

Mimi bado namdai. Ndani ya treni nilianza kuandika jina la kampuni na namba ya gari, mama akaniambia niache, kijana wa watu atafukuzwa kazi, na ndiyo maana hapa huoni jina. Nilikuwa nimeamua kutoa nyota moja. Nikakumbuka lile sikio la simba, nikaweka tatu. Nikakumbuka "hayo ya mashamba tuyaache", nikarudi mbili. Kampuni niliwaandikia moja kwa moja kuuliza nani hupanga viti na kwa kigezo gani, nikajibiwa, "Ndugu mteja, tunathamini maoni yako." Ukinunua nafasi ya kuchangia, popote pale, waandikishe kiti chako kwenye risiti kabla ya kulipa, na usivae buluu. Wakinijibu swali langu kama lilivyoulizwa, nitairudisha nyota ya tatu.