Karatasi za kutafuta maneno za kufundishia jozi za irabu: zipi ununue, zipi ujitengenezee

Mzazi wa Mombasa anayetaka kumsaidia mtoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3 kusoma Kiingereza ana njia tatu za kupata karatasi za kutafuta maneno, yaani jedwali la herufi lenye maneno yaliyofichwa ndani yake. Atanunua kijitabu cha rangi kutoka ng'ambo katika duka la vitabu mjini, au atapakua kurasa za bure kwenye intaneti na kuzichapisha saiba, au atajitengenezea kwa programu. Hapa nazitathmini karatasi za aina moja tu, zile za jozi za irabu, yaani irabu mbili zinazoandikwa pamoja na kutoa sauti moja: ai ya rain, ee ya tree, oa ya goat, oo ya moon. Humo naingiza pia ay, oy na ow, ambamo y na w hufanya kazi ya irabu. Uamuzi wangu nautoa mapema. Kijitabu cha ng'ambo kinapendeza macho lakini kazi yake ni hafifu. Karatasi ya kujitengenezea, ikipangwa vyema, inakishinda mbali, na gharama yake ni fotokopi tu.

Mtoto wa hapa hazikuti jozi hizi akiwa mikono mitupu. Kiswahili anakisoma, na katika Kiswahili kila irabu hutamkwa: tai ni ta-i, toa ni to-a, dau ni da-u. Akiliona neno rain husoma ra-i-ni, na boat huwa bo-a-ti. Huo si uzembe, ni kanuni sahihi iliyotumiwa mahali pasipo pake. Na kanuni ya kumwokoa anayo tayari, kwani anajua kuwa sh ya shoka ni herufi mbili na sauti moja, na vivyo hivyo ch, th, dh na gh. Mwambie tu kwamba Waingereza huzifanyia irabu yale tunayozifanyia konsonanti sisi. Vijitabu vya ng'ambo havianzii hapo kwa sababu viliandikiwa watoto waliozaliwa ndani ya Kiingereza, kwa hiyo maelezo hayo ni juu yako kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguliwa.

Karatasi ya kutafuta maneno huzoeza jicho. Mtoto anapopekua mistari akitafuta o na a zilizofuatana, anajifunza kuziona kama kitu kimoja, na hilo ni jambo kubwa. Lakini sauti haimfundishi. Akiwa na orodha ya maneno chini ya ukurasa, anaweza kuyapata yote kwa kulinganisha maumbo ya herufi bila kusoma hata moja. Aina hii ya fumbo ilipoanza kuchapwa huko Norman, jimbo la Oklahoma, mwaka 1968, lilikuwa burudani ya wasomaji wa gazeti dogo la matangazo, watu wanaojua kusoma tayari. Ukimpa anayeanza kusoma, lazima ubadilishe namna ya kulitumia. Ndiyo maana karatasi yoyote naipima kwa swali moja: je, inamlazimu mtoto asikie kabla ya kutafuta?

Kwa kipimo hicho, vijitabu vya ng'ambo vingi vinaanguka. Karatasi ni nzito, picha zinavutia na majibu yapo nyuma, sawa. Kasoro ziko kwenye maneno yenyewe. Sleigh, snow na oatmeal ni maneno ambayo mtoto wa Kisauni au Likoni hana picha yake kichwani, kwa hiyo anabeba mizigo miwili kwa mpigo, neno jipya na tahajia mpya. Vya Marekani vitakuwekea gray kwenye ukurasa wa ay, ilhali skulini mwalimu anaandika grey. Kosa baya zaidi ni la r. Utakuta chair na hair zimepangwa pamoja na rain, board pamoja na boat, bear pamoja na beach. Irabu zikifuatwa na r sauti hubadilika, na mtoto aliyefundishwa vyema kwamba oa ni ile ya goat atalikosea board huku akiwa hana hatia. Pitia orodha kabla ya kulipa. Ukikuta maneno ya r yamechanganywa na mengine, kirudishe kitabu rafuni.

Baadhi pia huchapa ule wimbo wa kwamba irabu mbili zikitembea pamoja ya kwanza ndiyo huzungumza, yaani hutamka jina lake la Kiingereza, na ya pili hunyamaza. Usiufundishe. Mwaka 1963 Theodore Clymer, mtafiti wa ufundishaji wa kusoma, aliipima kanuni hiyo kwa maneno ya vitabu vya kusomea vya watoto wa Marekani, akaikuta inashika kwa asilimia 45 tu. Sababu utaiona mara moja ukijaribu moon, cow, coin, loud, bread na chief, kwani zote zinaivunja. Afadhali mtoto ajue sauti ya kila jozi kwa jina lake.

Kurasa za bure za intaneti zinatofautiana sana, ila makosa yake hayapishani. Nyingi zimeandikwa kwa herufi kubwa tupu, na mtoto darasani anasoma herufi ndogo. Nyingine zina mandhari ya kijivu ambayo kwenye fotokopi hugeuka ukungu na kumeza herufi. Na zile zilizokusanywa bila mwalimu kupitia huweka lion na poem kwenye orodha ya jozi, kana kwamba irabu zozote zilizokaribiana ni jozi. Zichukue kama chanzo cha mawazo, basi.

Tuje kwenye kujitengenezea, ambako ndiko kwenye faida. Programu za kutengeneza mafumbo haya ni nyingi na za bure, lakini mipangilio yake ya mwanzo haimfai mtoto mdogo. Kwanza badilisha herufi kubwa kuwa ndogo. Zima mshazari, acha maneno ya mlalo na ya wima pekee. Zima maneno ya kinyumenyume, na kwa hapa Mombasa usilegeze. Watoto wengi wetu wakitoka skuli wanakwenda chuoni, yaani madrasa, ambako husoma Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Mtoto huyo tayari ana mielekeo miwili ya kutenganisha, usimtie wa tatu uliofichwa ndani ya Kiingereza. Zima pia ruhusa ya maneno kutumia herufi moja kwa pamoja, la sivyo o ya goat itakuwa pia o ya road na upakaji rangi utavurugika.

Ukubwa uanzie miraba 8 kwa 8 na maneno 6. Kwa goat, boat, coat, road, soap na coast, maneno yanachukua herufi 25 kati ya 64, zinabaki 39 za kujazia. Kwenye A4 yenye pambizo ya sentimita 2 kila upande, kila mraba unapata zaidi kidogo ya sentimita 2, nafasi ya kutosha kidole na krayoni. Miraba 12 kwa 12 inakupa sentimita 1.4, nayo inamfaa mtoto wa Gredi ya 3. Jihadhari na ushauri wa kupunguza karatasi hadi A5 ili kuokoa fotokopi: miraba 15 kwa 15 ikipunguzwa hivyo inafika milimita 8, na hapo unapima macho, si usomaji.

Herufi za kujazia wengi hawazitazami, nazo ndizo zinazoamua ugumu. Katika karatasi ya kwanza ya oa, kusiwe na o wala a nyingine nje ya maneno, jaza kwa konsonanti na i au u chache, ili kila oa itakayoonekana iwe ya kweli. Karatasi ya pili ya jozi hiyo hiyo ijazwe ao hapa na pale, mtoto alazimike kuangalia ipi imetangulia. Kisha pitisha jicho mstari kwa mstari kabla ya kuchapisha. Programu hizi zilitengenezewa Kiingereza, hazijui Kiswahili, na herufi za kubahatisha zinaweza kuangukia neno la aibu ambalo mtoto wa pwani atalisoma kabla ya yote. Angalia pia neno lililomezwa na jingine: rain imo ndani ya train, kwa hiyo usiziweke zote mbili, maana mtoto atazungushia moja mahali pa nyingine na ubishane naye bure.

Fonti iwe na a ya mviringo kama ile ya kuandikwa kwa mkono, ukubwa wa pointi 28 hivi. Hatari yake ni kwamba wino ukififia a hiyo inafanana na o, na karatasi ya oa inageuka ya oo. Kwa sababu hiyo usikubali nakala ya nakala. Weka ile ya kwanza ndani ya mfuko wa plastiki wa faili na utolee nakala zote kutoka hiyo. Mfuko huo huo una kazi ya pili. Ingiza karatasi, mtoto aandike juu kwa kalamu ya ubao mweupe, kisha futa kwa kitambaa, na karatasi moja itasaidia wiki nzima. Hali ya hewa yetu hulegeza karatasi, na kalamu za wino wa maji hupenya upande wa pili wa karatasi nyepesi, kwa hiyo usipotumia plastiki chagua karatasi ya gramu 80 na kalamu za rangi za mbao. Krayoni za nta zilizoachwa dirishani juani huwa laini na kuchafua.

Sasa matumizi, dakika 15 hadi 20 kwa kikao. Kunja sehemu yenye orodha ili mtoto asiione. Tamka neno, soap, naye alitamke na kuhesabu sauti kwa vidole: s, oa, p, sauti tatu. Achore visanduku vitatu na kuandika, oa ikikaa katika kisanduku kimoja. Coast ina herufi tano na sauti nne, sheep ina tano na tatu, na mtoto akishaona hesabu ya herufi na ya sauti hazilingani, nusu ya somo imekwisha. Akishaandika ndipo anatafuta jedwalini. Azungushie neno zima kwa penseli, kisha apake rangi jozi peke yake, rangi moja kwa kila jozi siku zote. Mwisho afunue orodha na kuyasoma maneno kwa sauti, kwanza kwa mpangilio wake, halafu ukimwonyesha moja moja bila mpangilio. Maliza kwa imla ya sentensi moja fupi, The goat is on the road inatosha.

Kipimo cha kweli kinakuja siku ya pili bila fumbo: mpe maneno matano mapya ya jozi hiyo ambayo hayakuwamo, kama toad, load, foam, loan na toast. Akiyasoma, amejifunza jozi. Akishindwa, alikuwa ameyakariri maumbo ya maneno sita, na unarudi kwenye visanduku, si kwenye fumbo jingine.

Tatizo utakalokutana nalo mara nyingi ni mtoto kutafuta kwa herufi ya kwanza tu. Anaona g, anazungushia, amemaliza. Dawa yake ni karatasi ambayo maneno yote yanaanza na kuishia sawa: bait, beat, boat, boot. Hapo b na t hazimsaidii kitu, inabidi asikilize na kuangalia katikati. Vilevile sail, seal na soil, au main, mean, moan na moon. Kama utatengeneza karatasi moja tu katika maisha yako, tengeneza hii.

Kuna jambo moja ambalo karatasi haitatui hata iwe nzuri vipi. Kiswahili kina i moja, kwa hiyo sheep na ship, feet na fit, huingia sikio la mtoto kama neno lile lile. Yaweke maneno hayo mawili mawili katika karatasi moja, lakini kazi ifanywe na mdomo wako: kwa ee vuta midomo kama mtu anayetabasamu na uivute sauti, kwa i iwe fupi na midomo ilegee.

Anza na ee kwa sababu ina sauti moja karibu kila mahali, kisha oa, halafu ai na ay pamoja, kwa kuwa ai hukaa katikati ya neno na ay mwishoni, kama rain na day. Oi na oy zina mpango uo huo: coin, boy. Zenye sauti zaidi ya moja ziachie baadaye na uzigawe karatasi mbalimbali. Ea ya tea na beach ina karatasi yake, ea ya bread na head yake, na great na break zifundishwe kwa mdomo tu kwa uchache wake. Ow ya cow na ow ya window zisikutane mpaka kila moja iwe imeshika. Igh, ingawa si irabu mbili, nayo hutoa sauti moja na inahitaji onyo lake, maana mtoto anayejua gh ya ghali atajaribu kuitamka kwenye light.

Mtoto akishazijua hizo zote, ndipo umrudishie lion, poem, radio na giant, zile zile zilizokuwa kosa katika kurasa za bure. Hapa irabu zilizokaribiana hutamkwa kila moja peke yake, na mazoea yake ya Kiswahili yako sahihi. Tumia miraba 10 kwa 10, maneno manne ya namna hii na manne ya jozi, apake rangi moja penye sauti moja na rangi mbili penye sauti mbili.