Nyumba ya Mji Mkongwe: umwite fundi au mkaguzi?

Ukitaka kununua nyumba ya zamani Shangani au Malindi, mitaa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, una njia mbili: kumwita fundi mwashi unayemjua, au kumlipa mhandisi wa majengo aikague kabla hujatoa pesa.

Fundi ana faida yake. Anakuja leo, bei yake ndogo, na aliyezeeka kwenye kazi hugonga ukuta akajua palipo na uwazi. Lakini wengi wakiona plasta inabanduka huipiga saruji, na hapo ndipo hatari inapojificha. Kuta hizi za mawe ya matumbawe na chokaa zinahitaji kupumua. Saruji huufungia unyevu ndani, chumvi ikazila, na ncha za boriti zilizochomekwa ukutani zikaoza bila mtu kuziona. Na sakafu nzima ya juu imeshikwa na ncha hizo!

Mkaguzi huanzia hapo hapo. Hupima unyevu kwa kifaa, huchoma boriti kwa bisibisi karibu na ukuta kutafuta mchwa na uozo, huangalia umeme kama una waya wa athi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Ni ghali, na utamsubiri.

Desemba 25, 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la masultani hapo Mji Mkongwe, iliporomoka, wakafa watu wawili, nalo lilikuwa kwenye ukarabati. Kwa kuziba plasta ya uani, fundi anatosha. Kwa chumba watakacholala watoto chini ya boriti, mimi namtaka mkaguzi, hata nikichelewa kuhamia mwezi mzima.